Ngumi Chini ya Taya

Ukitaka kumjua Ruthu Chilongani, usianzie kwenye farasi. Anzia kwenye vichwa vya ng'ombe. Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyu alipika supu ya vichwa kwenye mnada wa Msalato kila Jumamosi, na siku zilizobaki za wiki alizimaliza katika kuvitafuta, kuvibabua, kuvikwangua manyoya na kuvipasua kwa shoka. Watu walimwita Ruthu wa Vichwa, naye hakuwahi kununa. Wapo wanaoitwa Mheshimiwa na hawajui hata kazi yao inaanzia wapi. Yeye yake aliijua mpaka kwenye mfupa.

Yeye na wenzake watatu pale mnadani walikuwa na kipimo chao. Hawakuamini mizani ya mtu. Unakilaza kichwa chali, unakunja ngumi na kuiingiza katikati ya ile mifupa miwili ya taya la chini, pale ulimi unapoanzia na koo linapopita. Ngumi ikizama yote, hicho ni kichwa cha ngumi, chukua usiulize. Ikikwamia kwenye vifundo, hicho ni kichwa cha vidole vitatu: kimebana, ulimi umesongamana, na kukisafisha ni kazi ya kukutoa jasho asubuhi nzima. Ruthu alipima vichwa hivyo kwa maelfu. Mkono wake wa kulia ulijua mataya kuliko fundi cherehani anavyojua kiuno cha mteja.

Kilichomtoa Msalato ni moshi. Macho yalimvimba, daktari akamwambia achague kati ya jiko na kuona. Akachagua kuona. Baada ya miezi kadhaa ya kuhangaika alisikia kwamba kule Ihumwa, ng'ambo ya reli, kuna mzee amefungua banda la farasi na anatafuta mtu wa kuzoa mavi na kubadilisha nyasi. Wenzake wakamcheka sana. Tereza, rafiki yake wa meza ya jirani, alishangaa kwa Kigogo, "Yaya gwe! Umekimbia moshi unafuata mavi?" Ruthu akamjibu kwamba mavi hayaumizi macho, akafunga mzigo wake.

Mwenye banda alikuwa Mzee Elisante, mstaafu wa serikali aliyetokea Kilimanjaro, akahamia Dodoma pamoja na ofisi yake na mwisho akaupenda mji. Alikuwa na farasi wanne. Wikiendi watoto wa wafanyakazi wa ofisi za serikali za Mtumba waliletwa kupandishwa na kuzungushwa uwanjani, mama zao wakipiga picha. Lakini kazi iliyoliweka banda mjini ilikuwa harusi. Bwana harusi wa Dodoma wa siku hizi hatosheki na gari lenye maua. Anataka aingie ukumbini juu ya farasi, muziki ukipigwa, na mpiga picha akimwambia ageuze uso kidogo kushoto.

Na mpiga picha naye ana lake. Anataka shingo ya farasi ijikunje, kidevu kikaribie kifua, kama zile picha za kwenye kalenda. Farasi akinyoosha shingo mbele anaambiwa amechoka. Nani aliwaambia wapiga picha kwamba wao ni waganga wa farasi, sijui, lakini ndivyo walivyotaka, na mteja alikuwa upande wao.

Mfunzaji wa farasi aliitwa Gerson. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwembamba, aliyejifunza kazi kwenye mashamba ya Arusha tangu ujana wake. Watu wote pale walimwita Mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, na nisimsingizie. Aliamka kabla ya farasi na hakumpiga mnyama hata siku moja. Tatizo lake ni kwamba alijifunza mara moja, akajifunza vizuri, kisha akafunga mlango na kutupa ufunguo.

Sasa miongoni mwa wale wanne alikuwamo farasi jike mmoja mweupe. Mzee Elisante alimwita Theluji, kwa kukumbuka mlima wa kwao, jina lililowachekesha watu wa Ihumwa ambao baridi yao kubwa ni upepo wa mwezi wa saba. Alikuwa mzuri. Alikuwa na shingo fupi nene, mashavu ya taya ya mviringo yaliyojaa, macho meusi ya upole. Bandani ungemwachia mtoto mchanga. Ruthu alimpenda tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi alimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," na farasi akamjibu kwa kumsukuma begani kwa pua.

Lakini akishapandwa, akavutwa hatamu ili akunje shingo, Theluji alikuwa mnyama mwingine. Alirusha kichwa. Alipanua mdomo na kutoa ulimi pembeni. Alirudi nyuma, akazunguka, na akizidiwa alisimama kwa miguu miwili. Gerson alimfunga mkanda wa pua ili asipanue mdomo, mambo yakazidi. Akamwekea lijamu nene zaidi, yaani kile chuma kinacholala mdomoni juu ya ulimi, akisema nene ni laini, haichomi. Mambo yakazidi tena. Daktari wa mifugo, binti mmoja aitwaye Mwanasha aliyepita bandani kila Alhamisi ya pili, alikagua meno yote kwa tochi na kuyakuta mazima. "Basi ni ukorofi," Gerson akahukumu.

Mwezi wa sita ukorofi huo ulienda harusini. Bwana harusi, kijana wa suti nyeupe, alifikishwa mlangoni mwa ukumbi juu ya Theluji. Mpiga picha akapaza sauti, "Shingo! Shingo!" Gerson akavuta. Theluji akasimama kwa miguu ya nyuma, na bwana harusi akateremka kwa njia ambayo haikuwa kwenye ratiba, akatua kwenye maua ya meza ya keki, suruali ikapasuka kutoka huku mpaka huku. Hakuumia popote isipokuwa kwenye heshima. Lakini kila mwenye simu alikuwa amesharekodi, na hadi jioni Dodoma nzima ilikuwa imeiona suruali ile.

Siku ya tatu Mzee Elisante akawaita wote uani.

"Huyu nimemwandikisha kwenye maonyesho ya wanyama Nane Nane pale Nzuguni," alisema. "Nimeshatangaza, siwezi kujitoa. Akizunguka uwanja kwa utulivu, atabaki. Akinitia aibu tena mbele ya watu, anaondoka siku ileile. Mudrick atakuja na lori lake."

Mudrick walimjua wote. Alikuwa mchimba mchanga kwenye makorongo, na mikokoteni yake ilivutwa na punda waliokonda mpaka ukawaonea huruma. Alikuwa amesema kwamba farasi mmoja atafanya kazi ya punda watatu. Ruthu alisikia maneno yale, ufagio ukamtoka mkononi. Zilibaki wiki sita.

Kuanzia siku hiyo hakufagia tu, alitazama. Na jambo la kwanza aliloligundua halikuwa la macho bali la masikio. Gerson akivuta hatamu na shingo ikakunjika, Theluji alitoa sauti. Ilikuwa sauti ndogo ya kukoroma, kama mtu aliyelala vibaya. Hatamu zikilegea, sauti inakata. Zikivutwa, inarudi. Bandani hakuitoa kamwe, wala kwenye malisho, wala akikimbia peke yake shingo ameinyoosha.

Ruthu alisimama na toroli lake la mavi akasikiliza. Sauti ya namna ile aliwahi kuisikia utotoni kwao Mvumi, kwa ndama aliyejisokota kwenye kamba. Huyu hakatai, akasema moyoni. Huyu anakabwa.

Kesho yake alfajiri, kabla Gerson hajafika, alipita kwa farasi mmoja mmoja. Alimbembeleza wa kwanza, akamshika pua, akapeleka ngumi chini ya taya, katikati ya ile mifupa miwili. Ikaingia yote. Wa pili ikaingia. Wa tatu, dume mzee mwekundu aliyekuwa akikunja shingo kwa raha zake hata bila kuombwa, ikaingia na nafasi ikabaki. Akafika kwa Theluji. Ngumi ikagota kwenye vifundo. Akaikunjua, akajaribu vidole. Vitatu tu.

Akapapasa na nyuma ya taya, pale linapokutana na shingo chini ya sikio. Wale watatu walikuwa na bonde hapo. Vidole viwili vililala bila shida. Kwa Theluji palikuwa na ufa wa kidole kimoja, na ndani ya ufa huo kitu laini kilichovimba kidogo, ambacho alipokigusa farasi alitikisa sikio na kujiondoa. Lile shavu kubwa la taya lililomfanya apendeze kwenye picha ndilo lililomaliza nafasi yote. Ruthu alisimama mkono ukiwa bado umekunjwa. Alikuwa na furaha na hasira kwa wakati mmoja, na hasira ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu miezi saba mnyama huyu alikuwa akisema, na wao wakimfunga mdomo.

Alimweleza Gerson asubuhi hiyohiyo, kwa adabu zote.

"Mwalimu, huyu koo lake halina pa kwenda. Ukimkunja, taya linabana koo."

"Nani amekwambia?"

"Nimempima. Kichwa chake ni cha vidole vitatu."

Gerson alimtazama, akatazama mkono wake, akacheka mpaka akashika nguzo. "Mama Jordan," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "farasi si supu."

Neno hilo lilimchoma Ruthu. Lilimchoma kwa sababu aliyelisema alikuwa mtu aliyemheshimu, na kwa sababu watu wawili waliokuwa wakipakua majani walicheka pamoja naye. Alirudi kwenye toroli lake. Mchana hakula. Kuna watu wakichekwa wananyamaza siku zote. Ruthu alinyamaza mpaka Alhamisi.

Alhamisi Daktari Mwanasha alikuja kuwapa farasi dawa ya minyoo. Ruthu alimshikia Theluji kichwa, na dawa ilipokwisha kumezwa akamwambia, "Daktari, naomba mkono wako."

"Wa nini, mama?"

"Kunja ngumi. Iweke hapa. Sasa nenda kwa yule mwekundu, iweke hapohapo. Halafu rudi uniambie kama mimi ni chizi."

Mwanasha hakucheka. Alikwenda, akarudi, akapima tena, akapapasa nyuma ya taya, akafungua mdomo na kutazama ndani kwa tochi muda mrefu. Alipoinua uso ulikuwa mzito.

"Niliangalia meno," alisema polepole. "Niliitwa kwa ajili ya meno nikaangalia meno. Mama, upo sahihi. Mwite Mwalimu."

Gerson akaja akifuta mikono. Mwanasha akamweleza kwa lugha nyepesi. Farasi hapumui kwa mdomo kama mbwa au mtu, alisema; ana pua tu. Hewa yote inapita kooni, na koo linapita kati ya mifupa ya taya. Farasi mwenye taya pana akikunja shingo, koo linapata mahali pa kukaa. Mwenye taya jembamba na mashavu makubwa, mfupa unasukumwa kwenye shingo, tezi ya mate iliyo nyuma yake inafinywa, na koo linabanwa. Tena huyu ulimi wake ni mnene na kaakaa lake liko chini. Lijamu ile nene imejaza mdomo mzima. "Ukimfunga mkanda wa pua juu ya hayo yote," alimaliza, "umemnyima hata nafasi ya kulia."

"Miaka ishirini na saba nafanya kazi hii," Gerson alisema. "Farasi wote wanakunja shingo."

Hapo Ruthu akashindwa kujizuia. "Mwalimu, naomba kitu kimoja tu. Weka kidevu kifuani."

"Nini?"

"Weka. Bana kabisa. Sasa zunguka uwanja unakimbia, usikiinue."

Gerson alimtazama daktari kutafuta msaada. Daktari akakunja mikono kifuani na kusema, "Mimi ningekimbia, Mwalimu. Ni uchunguzi huo."

Basi mtu wa miaka hamsini, mbele ya wapakua majani walewale, akabana kidevu kifuani na kuanza kukimbia kuuzunguka uwanja wa Ihumwa, vumbi likimfuata. Robo ya kwanza alikwenda vizuri kwa kiburi. Robo ya pili akaanza kukoroma. Robo ya tatu akainua kichwa juu kwa nguvu, mdomo wazi, akasimama ameshika magoti akikohoa. Hakuna aliyecheka. Theluji, aliyekuwa amefungwa kwenye uzio, alimtazama kwa masikio yaliyosimama.

Gerson aliporudi alipita moja kwa moja mpaka kwa yule farasi. Alikunja ngumi yake mwenyewe, akaipeleka chini ya taya, ikagota. Akainamisha kichwa.

"Nisamehe," alisema. Ruthu hakujua kama aliambiwa yeye au farasi, na hakuona haja ya kuuliza.

Walianza upya siku ileile. Kwenye gunia la hatamu kuukuu Gerson alichimbua lijamu nyembamba yenye kiungo katikati, akaisugua kutu mpaka ikang'aa. Mkanda wa pua wakautupa. Wakaamua kwamba Theluji atakwenda shingo mbele, pua nje, kama alivyozaliwa, na mpiga picha akitaka shingo ya kalenda akapige picha kalenda. Mwanasha aliwaonya jambo moja: chuma chembamba kinamfaa, lakini mkono mzito juu yake ni kisu. Anayeshika hatamu ashike kama ameshika yai bichi.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Theluji akiinua kichwa kwa hofu ya zamani, mikono ya Gerson ilirudi nyuma yenyewe. Alijionya, akajilaumu, akajitukana. Mikono ikarudi tu. Miaka ishirini na saba si nguo ya kuvua jioni. Wiki ya pili ilipokwisha aliteremka, akamkabidhi Ruthu hatamu.

"Mikono yangu imeshazoea ubaya," alisema. "Panda wewe."

"Mimi? Mwalimu, nina miaka arobaini na tatu."

"Uliniambia kwenu Mvumi ulipanda punda wa maji."

"Punda hana lijamu! Punda unamwongoza kwa goti na mdomo."

"Ndiyo maana nataka upande wewe."

Ruthu alipanda. Alifunga kanga juu ya suruali ya mwanawe, akapanda, na siku ya kwanza akaanguka. Siku ya tatu akaanguka tena, akakaa chini vumbini akijipima mbavu, akacheka mwenyewe. Lakini utoto hausahauliki. Miguu yake ilikumbuka kubana na kulegeza, mgongo ukakumbuka kufuata mwendo. Alizungumza na Theluji njia nzima kwa Kigogo, mambo ya kawaida tu, bei ya vitunguu na upepo na nani kaolewa. Gerson alisimama katikati ya uwanja akifundisha alichokijua, na alijua mengi: jinsi ya kukaa, ya kugeuza, ya kusimamisha kwa uzito wa mwili kabla ya mkono. Ruthu hakubeza hata kimoja. Siku ya kumi na mbili Theluji alikimbia mduara mzima hatamu zikining'inia, na ile sauti ya kukoroma haikusikika. Gerson aligeuka akajifanya anatafuta kitu uzioni.

Nane Nane ikafika. Nzuguni ilikuwa imejaa watu wa kila wilaya, wakulima wa Kondoa na mbegu zao, wafugaji na madume yao ya ng'ombe yaliyopakwa mafuta, maofisa wenye kofia, upepo ukipeperusha vumbi na mabango. Kuzunguka uwanja wa wanyama walisimama watu safu tatu. Mzee Elisante alikuwa uzioni kwa koti lake la mstaafu, uso umekauka. Pembeni yake alisimama Mudrick, na begani kwake ilikuwapo kamba mpya. Alikuwa ameliacha lori nje, karibu na lango.

Ruthu aliona kamba ile kabla hajaona kitu kingine chochote. Aliogopa, tena sana, na tusidanganyane: alitamani ardhi ipasuke. Kisha kwenye safu ya mbele akawaona wanawake watatu wa Msalato, Tereza akiwa katikati, wameacha meza zao siku ya biashara kubwa kuja kumtazama. Hakuwaambia. Habari ilikuwa imeenda yenyewe.

"Ruthu wa Vichwa!" Tereza alipiga kelele. "Kaa kitako mwanamke!"

Alihitaji kuzunguka uwanja mara mbili kwa kutembea, mara moja kwa kukimbia, asimame kwenye mstari wa chokaa mbele ya waamuzi, arudi nyuma hatua tatu, kisha farasi atulie mpaka aruhusiwe kutoka. Farasi waliotangulia walikuwa wamekunja shingo kwa madaha. Theluji aliingia pua mbele, shingo imenyooka, na baadhi ya watu wakanong'ona kwamba huyu hajafundishwa. Ruthu alisikia, akaendelea kumweleza farasi habari za vitunguu.

Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wakakimbia, kanga ya Ruthu ikipepea, na kwa muda mfupi alisahau kamba, lori na watu wote. Walikuwa wakikaribia mstari wa chokaa wakati kipaza sauti juu ya nguzo kilipopiga ukelele mkali wa kutoboa masikio.

Watoto wakalia. Dume moja la ng'ombe likakata kamba upande wa pili. Theluji akarusha kichwa juu, macho yakageuka meupe, na Ruthu akasikia miguu ya mbele ikianza kuiacha ardhi. Kila mtu pale uwanjani alijua kinachofuata, maana kila mtu alikuwa ameiona ile video. Mzee Elisante akafumba macho.

"Usivute!" Gerson alipiga kelele kutoka langoni. "Usivute, Mama Jordan!"

Kila kiungo cha mwili kilimwambia avute. Mtu anayeanguka anashika kilicho mkononi, ndivyo Mungu alivyotuumba. Ruthu alisukuma mikono yote miwili mbele, mpaka karibu na masikio ya farasi, hatamu zikalegea zikaning'inia, akajilaza shingoni. Watu wakaguna kwa pamoja. Farasi aliyekasirika, mbele ya umma, naye mpandaji ameachia kila kitu!

Theluji alisubiri ule mkabo. Alikaa hewani akiusubiri, na haukuja. Akashuka. Miguu ikagusa chini, akanyoosha shingo mbele mpaka mwisho, akapuliza pua kwa kishindo, kisha akavuta pumzi ndefu iliyojaza mbavu zote, ambayo Ruthu aliisikia chini ya mapaja yake mwenyewe.

"Haya mama," Ruthu alisema. "Twende."

Wakaenda. Hatua moja, hatua mbili, mpaka mstarini. Wakasimama kwato zikiwa juu ya chokaa. Ruthu akaegemea nyuma kidogo, bila kuvuta, na Theluji akarudi nyuma hatua tatu zilizonyooka. Kisha akatulia, sikio moja mbele na jingine kwa mpandaji wake, wakati lile dume lililokata kamba lilipopitishwa karibu likikoroma na wanaume watano wameling'ang'ania.

Vigelegele vilianzia Msalato, yaani kwa wale wanawake watatu, vikashika uwanja mzima. Wanafunzi wa chuo wakaruka uzio. Mtu fulani akarusha kofia na hakuipata tena.

Mwamuzi mmoja, bwana mwenye miwani, alisogea. "Utulivu wa namna hii sijauona leo," alisema. "Lakini mbona hakunji shingo kama wenzake? Hamkumfundisha?"

Gerson alikuwa ameshafika, anahema. Ruthu alifungua mdomo kujibu, lakini yeye akamtangulia, kwa sauti ambayo hata waliokuwa uzioni waliisikia.

"Mheshimiwa, huyu taya lake ni jembamba. Ukimkunja unamkaba. Sisi tulimkaba miezi saba tukimwita mkorofi, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa wakabaji. Aliyeligundua ni huyu mama. Kama una swali la farasi, muulize yeye."

Mwamuzi akavua miwani. Alimtazama Ruthu, akatazama farasi, akaenda kwa wenzake wakainamiana. Waliporudi walikuwa na utepe mwekundu wa ushindi, na ubishi kidogo juu ya nani aufunge na wapi, kwa kuwa Theluji alitaka kuula.

Mudrick aliishusha kamba begani. "Sasa mzee," alimwambia Elisante, "mnyama mtulivu hivi ndiye hasa ninayemtaka. Lori lipo hapo nje."

Mzee Elisante alikuwa akifuta uso kwa leso, na hakujificha. "Ndugu yangu Mudrick, unisamehe kwa kukusumbua," alisema. "Rudi na lori lako. Yule hauzwi. Ana mwenyewe."

"Si ni wako?"

"Nilidhani hivyo," mzee akapaza sauti, akaonyesha kwa kidole katikati ya uwanja. "Mwenyewe yule pale."

Ruthu alikuwa amesikia. Alikuwa bado juu, akilia waziwazi mbele ya Dodoma nzima bila kujifuta, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeizunguka shingo ya Theluji.